Santiago Ramón y Cajal, Mchoraji wa Ubongo

Katika watu waliotufunulia siri za mwili wa binadamu, yuko mmoja ambaye kila mwanafunzi anapaswa kumjua. Jina lake ni Santiago Ramón y Cajal, mwenyeji wa nchi ya Hispania. Alikuwa mtoto mtundu kupita kiasi. Alipigwa, alifungiwa, aliondolewa shuleni akapelekwa kujifunza kushona viatu. Na huyo huyo ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1906. Yeye alituonyesha ubongo umejengwa kwa vitu gani. Na kwa sababu ya kazi yake, leo twaweza kueleza jambo ambalo wazee wetu waliliona bila kujua sababu yake: kwa nini huzuni iliyozidi humwondolea mtu uwezo wa kufikiri na kupanga mambo yake, na kwa nini uwezo huo waweza kumrudia.

Utoto wake

Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei, 1852, katika Petilla de Aragón, kijiji kidogo cha milimani kaskazini mwa Hispania. Baba yake, Justo Ramón, alikuwa mpasuaji wa vijijini, mtu aliyetoka katika umaskini kwa juhudi zake mwenyewe. Mama yake aliitwa Antonia Cajal. Kwa desturi ya nchi ile mtoto hupewa jina la ukoo wa baba na la ukoo wa mama pia, ndiyo sababu akaitwa Ramón y Cajal.

Mzee Justo alikuwa mkali, lakini alipenda sana elimu. Alimfundisha mwanawe mwenyewe kusoma, kuandika, hesabu na jiografia. Hata Kifaransa alimfundisha, nao walikuwa wakienda kusomea katika pango la wachungaji ili wapate utulivu. Walakini mtoto alikuwa na tamaa moja iliyopita zote, nayo ni kuchora. Alichora ukutani, milangoni, na pembezoni mwa vitabu vyake. Baba yake aliona kwamba kuchora ni kazi ya wavivu. Hata siku moja akachukua picha moja ya mtoto, akampelekea fundi aliyekuja kupamba kanisa, amwambie kama kijana ana kipaji. Fundi akaitazama akasema hana kipaji chochote. Tangu siku hiyo kalamu na rangi zikapigwa marufuku nyumbani.

Alipofika umri wa miaka kama kumi alipelekwa shule ya watawa katika mji wa Jaca. Huko masomo yalikuwa ni kukariri Kilatini neno kwa neno, na aliyeshindwa alichapwa. Cajal hakuwa na kumbukumbu ya namna hiyo. Akachapwa, akafungiwa chumbani, akanyimwa chakula. Kadiri alivyoadhibiwa ndivyo alivyozidi kuwa mkaidi. Alipokuwa na miaka 11 alitengeneza mzinga kwa gogo la mti, akaujaza baruti na mawe, akaufyatua, ukatoboa lango jipya la jirani. Akatiwa gerezani siku chache, na baba yake hakumtetea.

Mzee Justo alipochoka, alimtoa shuleni akamweka kwa kinyozi, kisha kwa fundi wa viatu. Ajabu ni kwamba katika kazi ya viatu kijana alikuwa hodari, kwa maana mikono yake ilipenda kazi ya uangalifu. Baadaye alirudishwa shuleni.

Katika majira ya joto ya mwaka 1868 baba yake alibuni njia nyingine. Alikwenda pamoja na mwanawe kwenye makaburi ya zamani, mahali ambapo mifupa ilikuwa imetoka juu ya ardhi, wakaikusanya wakaipeleka nyumbani. Baba akamfundisha jina na umbo la kila mfupa, na safari hii akamruhusu achore. Kijana aliyekuwa hawezi kukariri Kilatini akaijua mifupa yote barabara, kwa sababu kila mfupa aliuchora kwa mkono wake. Mkono uliokatazwa kuchora ndio uliomfungulia mlango wa elimu.

Vita, homa na kifua kikuu

Cajal alimaliza masomo ya udaktari katika mji wa Zaragoza mwaka 1873. Akaingizwa jeshini, na mwaka 1874 akapelekwa kisiwa cha Kuba, ambako Hispania ilikuwa ikipigana na wenyeji waliotaka uhuru wao. Alipewa kazi ya kutunza wagonjwa katika kambi zilizokuwa kati ya mabwawa yaliyojaa mbu. Haukupita muda naye akaugua malaria na kuhara damu. Alikonda akawa mifupa mitupu, na mwaka 1875 akarudishwa kwao.

Kwa fedha alizoweka akiba katika mshahara wa jeshi alinunua hadubini yake ya kwanza mwaka 1877, akaiweka katika chumba kidogo nyumbani. Lakini mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 26, alikuwa akicheza sataranji na rafiki yake bustanini, mara akatokwa na damu kinywani. Ilikuwa damu ya mapafu. Alikuwa ameshikwa na kifua kikuu, na siku zile ugonjwa huo haukuwa na dawa. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuuponya, haikugunduliwa mpaka mwaka 1943.

Katika kitabu alichoandika baadaye juu ya maisha yake, Cajal hakuficha hali aliyokuwa nayo wakati ule. Alieleza kwamba alizama katika huzuni kubwa. Aliona kazi yake imekwisha kabla ya kuanza, matumaini yake yote yamekufa, na kilichobaki ni kungojea kifo. Yeye mwenyewe alikuwa daktari, akajua vizuri wagonjwa wa namna yake huishia wapi.

Baba yake alimpeleka kwenye chemchemi za maji ya moto za Panticosa, kisha kwenye mlima wa San Juan de la Peña, penye nyumba ya kale ya watawa. Dada yake alikwenda pamoja naye kumtunza. Huko alipata chakula kizuri, hewa safi, na mtu wa kuzungumza naye. Alianza kupanda vilima kidogo kidogo. Alichora mandhari, akapiga picha kwa kamera yake. Siku baada ya siku mwili ukapata nguvu, na moyo nao ukainuka. Hatuwezi sisi leo kumpima mtu aliyekwisha kufa tukataja jina la ugonjwa wa moyo wake. Lakini yafaa tukumbuke mambo yaliyomsaidia, kwa kuwa tutayakuta tena mbele.

Msitu uliofunguliwa

Mwaka 1879 Cajal alimwoa Silveria Fañanás, mwanamke mvumilivu aliyeendesha nyumba kwa fedha chache huku mumewe akitumia nyingine kununua dawa na vioo vya hadubini. Walipata watoto saba. Baadaye akapata uprofesa katika mji wa Valencia. Kipindupindu kilipoingia nchini mwaka 1885, alikichunguza ugonjwa huo kwa bidii, na serikali ya jimbo la Zaragoza ikamshukuru kwa kumpa hadubini nzuri ya kampuni ya Zeiss kutoka Ujerumani. Hii ilikuwa zawadi kubwa kuliko fedha, maana sasa aliweza kuona kama waonavyo wataalamu wa Ulaya nzima.

Wakati ule wataalamu walijua kwamba ubongo una seli nyingi sana, lakini hawakuweza kuziona zilivyo. Fikiri umesimama mbele ya msitu mnene, miti imesongamana, matawi yameingiliana, wala huwezi kujua tawi hili ni la mti upi. Ndivyo ubongo ulivyoonekana chini ya hadubini. Kwa hiyo wengi walisema kwamba ubongo wote ni wavu mmoja, nyuzi zake zimeungana bila mwanzo wala mwisho.

Mwaka 1873 daktari mmoja wa Italia, Camillo Golgi, alikuwa amegundua njia ya kutia rangi kwa chumvi ya madini ya fedha. Ajabu ya njia hiyo ni kwamba hugusa seli chache tu, lakini kila inayoguswa hugeuka nyeusi yote, tangu shina hata ncha ya tawi. Ni kana kwamba mtu amepaka lami miti michache katika msitu mzima. Cajal alionyeshwa njia hiyo mjini Madrid mwaka 1887 na daktari Luis Simarro. Mwaka ule ule alihamia chuo kikuu cha Barcelona, akaanza kuirekebisha. Alitia rangi mara mbili badala ya mara moja. Tena alitumia ubongo wa wanyama wachanga na wa ndege walio bado yaini, kwa maana msitu ulio mchanga bado haujasongamana.

Mwaka 1888 ndio uliokuwa mwaka wake mkuu. Aliona wazi kwamba kila seli ya neva husimama peke yake. Ina mwili wake, ina matawi ya kupokea habari, na ina uzi mrefu wa kupeleka habari. Uzi huo hukaribia seli ya pili, wala haushikamani nayo. Basi ubongo hauwi wavu mmoja. Ni umma wa seli zinazopashana habari. Mahali zinapokaribiana leo huitwa sinapsi.

Katika mwaka huo huo aliona jambo jingine. Alipotazama matawi ya seli kubwa katika ubongo wa nyuma wa ndege, aliyakuta yamejaa vijichomozo vidogo sana, kama miiba juu ya shina la waridi. Wengine walisema kwamba hiyo si miiba, ni uchafu wa dawa ya fedha. Cajal hakukubali. Mwaka 1896 alitumia rangi nyingine ya buluu isiyo na fedha ndani yake, miiba ikaonekana vile vile. Alidhani kwamba hapo kwenye miiba ndipo seli hupokelea habari. Mwaka 1959, miaka 25 baada ya kifo chake, mtaalamu wa Uingereza E. G. Gray alitazama kwa hadubini ya elektroni akakuta kweli sinapsi zimekaa juu ya miiba. Msomaji aikumbuke miiba hii, kwa kuwa ndiyo kiini cha habari yetu.

Cajal hakuwa na gazeti la kisayansi la kumchapishia, akaanzisha lake mwenyewe kwa fedha zake, akachapa nakala 60 akazipeleka kwa wataalamu wa nchi nyingine. Hawakumjibu. Basi mwezi wa Oktoba 1889 alifunga safari mpaka Berlin, kwenye mkutano wa wataalamu wa Ujerumani, amebeba vioo vyake. Akawaita mmoja mmoja waje watazame. Mzee Albert von Kölliker, aliyekuwa maarufu kuliko wote, alitazama akakubali. Na tangu siku hiyo jina la Cajal likaenea.

Heshima na fikira zake juu ya ubongo

Mwaka 1892 alihamia Madrid, na mwaka 1894 aliitwa London kuzungumza mbele ya Royal Society. Huko alitoa fikira iliyokuwa ngeni kabisa. Alisema kwamba mazoezi ya akili huenda yakazifanya seli za neva zichipue matawi mapya na kuongeza viungo kati yao, kama vile mazoezi ya mwili yanavyokuza misuli. Uwezo huu wa ubongo wa kujirekebisha kwa kufuata maisha ya mtu, wataalamu wa leo huuita unyumbufu wa ubongo.

Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Golgi. Wawili hao walikutana Stockholm, na Golgi akatumia hotuba yake kuipinga kazi ya mwenzake, akishikilia kwamba ubongo ni wavu. Cajal hakumtukana. Alieleza aliyoyaona, akaonyesha michoro yake, akaketi.

Lakini Cajal mwenyewe naye aliuwekea unyumbufu huo mpaka. Katika kitabu kikubwa alichotoa mwaka 1913 na 1914, baada ya kuchunguza neva zilizokatwa, aliandika kwamba katika ubongo wa mtu mzima njia za neva zimekwisha wekwa, hazibadiliki, na kinachokufa hakizaliwi tena. Ni kama kusema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi tu. Hata hivyo aliongeza kwamba ni kazi ya sayansi ya siku zijazo kuibadili hukumu hiyo kali, kama itawezekana. Wengi waliomfuata waliishika hukumu, wakasahau neno la mwisho.

Silveria alifariki mwaka 1930. Cajal aliendelea kuandika mpaka siku zake za mwisho, akafariki Madrid tarehe 17 Oktoba, 1934, akiwa na miaka 82. Aliacha maelfu ya michoro, ambayo hata leo hutumika katika vitabu vya kufundishia madaktari. Mwaka 2017 UNESCO iliiingiza hazina ya kazi zake na za wanafunzi wake katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

Huzuni inavyopunguza matawi

Sasa tuone jinsi mbegu aliyoipanda ilivyozaa. Nyuma ya paji la uso iko sehemu ya gamba la ubongo iliyo mbele kabisa. Sehemu hii ndiyo inayotusaidia kupanga mambo, kukaza fikira katika somo moja, kujizuia tusitende kwa hasira, na kutuliza hofu inayotoka sehemu za ndani za ubongo. Mwanafunzi anapoacha kucheza ili amalize hesabu zake, sehemu hiyo ndiyo inayofanya kazi.

Mtu akipatwa na dhiki, mwili hutoa homoni ziitwazo za dhiki, moja yake ni kotisoli. Dhiki ikiwa fupi, homoni hizo zamsaidia kukimbia hatari. Dhiki ikikaa wiki nyingi, homoni zile zile hudhuru. Wataalamu wa Marekani walichukua panya wakawabana mahali finyu saa 6 kila siku kwa siku 21. Kisha wakatia rangi seli za sehemu ya mbele ya ubongo na kuzitazama. Wakakuta matawi ya kilele yamepungua urefu kwa sehemu moja ya tano hivi, na miiba ile ya Cajal imepungua vile vile. Panya hawakuwa wamepigwa kichwani, wala hawakuwa na jeraha. Dhiki peke yake ilikuwa imeyapogoa matawi.

Je, kwa binadamu ni hivyo? Kuna ugonjwa uitwao sonona. Huu ni tofauti na huzuni ya kawaida, kama ile ya kufiwa au kushindwa mtihani, ambayo hupungua kadiri siku zinavyopita. Mwenye sonona huwa na moyo mzito karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi. Mambo aliyoyapenda hayampendezi tena. Usingizi na hamu ya chakula huharibika, mwili huchoka bila kazi, fikira hazitulii, naye hujiona hana thamani. Wengine hufikia kutamani kufa. Mwaka 1999 wataalamu walipima ubongo wa watu waliofariki wakiwa na ugonjwa huu, wakakuta katika sehemu ya mbele seli za neva zimekuwa ndogo, na seli zinazozitunza zimepungua. Mwaka 2019 wengine waliwapima watu walio hai kwa mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, wakaona kwamba wenye dalili kali walikuwa na dalili za kupungukiwa na sinapsi katika sehemu hiyo.

Hapo ndipo tunapofahamu kwa nini mgonjwa wa sonona hawezi kukaza fikira wala kuamua jambo dogo. Sehemu ya ubongo anayoihitaji ili ajivute kutoka katika huzuni ndiyo ile ile iliyopungukiwa. Kumwambia ajikaze tu ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu asimame akimbie. Sonona ni ugonjwa, tena humpata mwenye bidii na mvivu, tajiri na maskini. Sababu zake ni nyingi, na nyingine ni za kurithi.

Matawi huchipua tena

Lakini habari haiishii hapo. Wataalamu wale wa panya waliwaacha wengine wapumzike siku 21 bila kubanwa. Walipotazama, matawi yalikuwa yamerudi. Mwaka 2009 jambo kama hilo lilionekana kwa watu. Wanafunzi wa udaktari wa New York waliokuwa katika mwezi wa kujiandaa kwa mtihani mkubwa walipimwa, ikaonekana wanapata shida kuhamisha fikira kutoka jambo moja kwenda jingine, na sehemu ya mbele ya ubongo wao haikushirikiana vizuri na sehemu nyingine. Walipopimwa tena baada ya mwezi mmoja wa utulivu, hawakuwa na tofauti na wenzao. Kwa hiyo samaki huyu hakauki kabisa. Ubongo wa mtu mzima, hata ukishapungukiwa, hubaki na ubichi wa kuchipua.

Ndiyo maana sonona hutibika. Ziko dawa ambazo daktari huzitoa, nazo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu zake. Wataalamu wengi hudhani sababu mojawapo ya kukawia huko ni kwamba seli zinahitaji muda wa kuchipua viungo vipya. Yako mazungumzo na mtaalamu, ambayo humfundisha mgonjwa njia nyingine za kufikiri. Mazoezi ya mwili, usingizi wa kutosha, na watu wa kuwa nao pia husaidia. Tukikumbuka yule kijana wa miaka 26 mlimani, na dada yake kando yake, na kamera yake, na matembezi yake ya kila siku, twaona kwamba alipewa mengi ya hayo kabla mtu yeyote hajajua sababu yake. Wala asidhani mtu kwamba matembezi peke yake yanatosha kwa kila mgonjwa. Ugonjwa ulio mkali wahitaji daktari, kama malaria kali inavyohitaji daktari.

Mafunzo yake kwetu

Wazazi na walimu wanalo la kujifunza kwa Cajal. Fimbo ya Jaca haikumfundisha Kilatini. Mifupa na penseli vilimfundisha udaktari. Leo mtoto aliyekuwa mchangamfu akianza kushindwa masomo ghafula, akajitenga, akalala darasani, tusikimbilie kumwita mvivu. Kwanza tumwulize kwa upole amepatwa na nini, na ikiwa hali hiyo imedumu, tumpeleke hospitali.

Nasi wanafunzi tunalo letu. Anayeona moyo wake umekuwa mzito siku nyingi asinyamaze. Amwambie mzazi, mwalimu, au mtu mzima anayemwamini. Na kama mawazo ya kufa yamemjia, aseme siku hiyo hiyo. Anayemwona rafiki yake katika hali hiyo asimcheke wala asimwache peke yake, hata kama ameombwa kutunza siri. Dada yake Cajal hakuwa daktari, lakini alikwenda naye mlimani.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwiba mmoja wa seli hauzidi sehemu chache za elfu moja ya milimita, na juu ya miiba kama hiyo isiyohesabika hukaa fikira zetu, kumbukumbu zetu na nia zetu. Kila somo tunalolishika na kila usiku tunaolala vizuri huongeza au hulinda kitu katika msitu huo. Cajal aliuona msitu huo na kuuchora, tena aliwaachia waliomfuata kazi ya kujua kama waweza kuchipua upya. Sasa tumejua kwamba waweza.